Mkono wa Kupokelea

Juzi nilikuwa Darajani natafuta viatu vya mwanangu kwenye mitumba, nikakuta glavu kubwa ya ngozi imelala juu ya rundo la mikoba. Kijana aliyekuwa akiuza hakujua ni kitu gani. Mara aliniambia ni ya kushikia sufuria ya moto, mara ni ya golikipa, na aliponiona nacheka akasema, "Basi dada, chukua tu, kazi yake utaijua mbele ya safari." Nikaichukua nikaivaa. Halafu, mtu mzima mie, bila ya haya, nikaipeleka puani nikainusa mbele za watu. Ilinuka ngozi kavu, vumbi na jasho la mtu wa mbali. Yule kijana alinitazama kama vile nimepandisha shetani, nami nikairudisha pale pale nikaondoka bila hata ya hivyo viatu.

Harufu ile niliinusa mara ya kwanza uwanjani Mpendae, nilipokuwa darasa la nne, siku ya mchujo wa besiboli. Ndiyo, besiboli. Nyinyi wa rika langu mliosoma skuli za mjini mnakumbuka mchezo ule ulivyotuingilia, ghafla kila mtoto anaokota kijiti anataka kupiga mawe. Wengine wenu mlichezea timu. Mna picha zenu na fulana zenu, na hamkosi la kusema mkikutana arusini. Mie nataka kusema habari za sisi ambao hatukuchezea, kwa sababu hapana anayetuuliza.

Nilikuwa naishi Michenzani kwa shangazi yangu, Bi Salma, dada yake baba. Nililetwa kutoka Pemba wazazi wangu walipoachana. Mama aliolewa kwengine kule kule Pemba, baba akaenda Maskati kutafuta maisha, akayapata, akaoa huko, na barua na simu zikawa chache mpaka zikaisha. Nikapandishwa meli na mfuko wa nguo, nikashuka kwa shangazi ambaye nilikuwa namjua kwa picha tu. Yeye hakuwa na mtoto. Mumewe alishakwenda kwa mke mwengine zamani, na watu walisema ni kwa sababu hiyo hiyo ya kukosa mtoto. Alikuwa akishona kofia. Toka asubuhi mpaka jua linakuchwa utamkuta kwenye mkeka karibu na dirisha, miwani imeshuka puani, anatoboa vitobo vidogo vidogo kwenye kitambaa cheupe na kuvizungushia uzi.

Hakuwa mkali, nisimsingizie. Hajanipiga hata siku moja. Alikuwa mkimya tu, ukimya wa mtu aliyezoea nyumba isiyo na mtu, na mimi nilipoingia hakujua aufanye nini ukimya wake. Nikirudi skuli aliniambia, "Kula, kisha uoge, uende chuoni." Nikirudi chuoni, kwenye Kurani, aliniambia, "Kula, kisha ulale." Baina ya maneno hayo nilikuwa nasikia sindano inavyopita kwenye kitambaa. Kuna siku nilijifanya naumwa na tumbo ili anishike paji la uso.

Jambo moja tu lilimfanya aseme sana, nalo ni mkono wangu. Nilizaliwa wa kushoto. Pemba mama alikuwa akiniangalia tu, anacheka, lakini shangazi aliponiona siku ya kwanza natia mkono wa kushoto kwenye sahani, aliruka. "Astaghfirullah! Mwanangu, huo si mkono wa kulia chakula. Watu watasema nini? Watasema Salma kaletewa mtoto hakumfunza." Akachukua kipande cha kanga kuukuu, akanifunga mkono wa kushoto ubavuni kila wakati wa kula, polepole, kama anayefunga kidonda. Nikafundishwa kula kwa kulia, kupokea kwa kulia, kutoa kwa kulia, kuandika kwa kulia. Nilifundishika. Ukinipa kitu mbele za watu, mkono wa kulia ulikuwa unatoka wenyewe. Wa kushoto nikauficha, na kwa kuwa niliuficha, nikauona ni siri yangu mbaya.

Watoto wa ghorofa letu walikuwa tele, ngazi zimejaa, lakini mie sikuwa na mwenzangu. Walikuwa wakipenda kunisikia nikisema, kwa ajili ya ule msemo wangu wa Pemba. "Hebu sema tena!" wanasema. Nikisema, wanaanguka kwa kicheko. Basi nikaacha kusema. Nikishuka ngazi nilikuwa nashuka upande wa ukuta, na nikifika chini nilikuwa najua nyuma ya ghorofa kuna pahala hapana mtu, kuna ukuta wenye doa la rangi ya kijani lililobaki. Nilijitengenezea mpira wa matambara, nikawa nalirushia lile doa. Huko nyuma hapakuwa na shangazi wala maalimu wa chuo, kwa hivyo nilikuwa narusha kwa mkono wangu wenyewe, wa kushoto. Nilikuwa sikosi. Nikirudi nyuma hatua nyingi, bado sikosi. Nikilipiga doa nilikuwa nageuka kutazama kama kuna mtu kaona, na nikiona hapana mtu nashukuru, halafu nahuzunika.

Basi siku moja skuli tukaambiwa kuna mwalimu wa michezo kaja, anataka watoto wa timu ya besiboli. Mchujo utafanywa Jumamosi Mpendae, anayetaka aende. Wasichana na wavulana, wote. Watakaochaguliwa watapewa fulana, watafanya mazoezi kila Jumamosi, na baadaye watavuka kwenda Dar kushindana na wa huko. Wenzangu walipiga makelele kwa ajili ya Dar. Mie Dar sikuitaka hata kidogo, meli nilishaijua inampeleka mtu wapi. Nilichotaka ni ile fulana. Hata fulana yenyewe si kitu. Nilitaka mtu mzima asimame mbele ya watoto wote wale anioneshe kidole aseme, "Wewe, njoo huku kwetu." Nililitaka hilo mpaka usingizi ukanipaa.

Nilimuomba shangazi ruhusa, nikamwambia ni michezo ya skuli. Akauliza nani anakwenda, nikamtaja Rukia wa ghorofa ya pili, ingawa Rukia hakujua kama anakwenda na mie. "Haya, urudi kabla ya laasiri," akasema. Jumamosi Rukia na wenzake wakashika njia wanaimba, nami nikawafuata nyuma, si karibu sana wakanikasirikia, wala si mbali sana nikapotea.

Mwalimu yule tumwite Mwalimu Gasper. Alikuwa mtu wa bara, mrefu, na kofia ya jua iliyokwisha rangi, na akisema shule badala ya skuli watoto wanabana vicheko. Alikuwa na gunia la glavu kuukuu zilizotoka ng'ambo. Akalimwaga gunia chini, ikatoka ile harufu, akasema kila mtu achukue moja avae.

Hapo ndipo alipopata mtihani wake wa kwanza. Tulikuwa watoto wengi, mstari mrefu kutoka goli mpaka goli, na sote, kila mmoja wetu, tuliingiza glavu mkono wa kulia. Waliokuta haiingii walizilazimisha, vidole gumba vimepinda. Mwalimu alitazama mstari mzima, akavua kofia, akakuna kichwa.

"Nani kawafundisha hivi?"

Tukatazamana. Hapana aliyetufundisha.

"Glavu inavaliwa kushoto. Kushoto unadakia, kulia unatupia. Badilisheni."

Hapana aliyebadilisha. Kijana mmoja mkubwa wa darasa la saba akanyanyua kidole. "Mwalimu, mtu mzima akikupa kitu, unapokea kwa kulia."

"Huu ni mpira, baba, si sahani ya pilau."

"Lakini wewe ndiye unayeturushia, mwalimu. Na wewe ni mkubwa."

Mwalimu Gasper alicheka mpaka akainama, kisha akapita mstari mzima akizivua zile glavu na kuzivisha upande wa pili, mtoto mmoja mmoja. Aliponifikia mie akanifanyia vile vile. Nilimwacha. Kumbe katika mstari wote ule ni mimi peke yangu niliyekuwa nimeivaa sawasawa kwa mkono wangu, na nilikuwa sijui, wala yeye hakujua.

Alipomaliza, akarudi mbele akauliza kwa sauti, "Kuna yeyote hapa wa kushoto? Anayerushia kushoto? Kama yupo asogee huku pembeni."

Nyinyi mliosoma chuoni mnaijua sauti ile. Maalimu wetu akisema, "Waliosahau kuhifadhi wasogee pembeni," waliosogea walikuwa wanajua kinachowangoja. Akisema, "Wasio na udhu pembeni," ndiyo hivyo hivyo. Katika maisha yangu yote mafupi sikuwahi kuona watoto wametengwa pembeni kwa jambo la kheri. Nikasema moyoni, huyu anataka kututoa kabla hajaanza. Nikaubana mkono wa kushoto, ulio ndani ya glavu, ubavuni kama ulivyokuwa ukifungwa. Mwalimu akauliza tena, akatutazama usoni, na nilipoona macho yake yananikaribia nikatazama majani. "Hamna hata mmoja?" akasema. Alionekana kama aliyevunjika moyo, nami nikadhani amekasirika kwa kuwa anajua kuna mmoja kajificha.

Mchujo ukaanza. Mwalimu alikuwa na tabia ya kutosema zuri wala baya. Alikunja mikono kifuani, akikutazama, akisema, "Haya, mwingine." Tulikimbia, na nilikimbia vizuri, nilimpita hata Rukia. Tulidaka, na nilidaka, ijapokuwa kila mpira ulipotua mkono wa kushoto nilijihisi namkosea adabu mtu. Kisha ikaja kurusha. Unasimama kwenye alama, mwalimu yuko mbele na glavu yake, unamrushia yeye. Mpira ukautoa mkononi mwako, ukaufikisha mkononi mwa mtu mzima. Ningemtupia kwa kushoto? Nisingeweza hata kama hakuuliza lile suali lake. Nikarusha kwa kulia. Mpira ukaanguka miguuni pangu. Wenzangu wakacheka. Akanipa mwengine, ukaenda pembeni ukampiga mtoto aliyekaa. Akanipa wa tatu, akasema kwa upole, "Usiogope, rusha tu," na huo wa tatu sitaki hata kuueleza.

"Haya, mwingine."

Waliochaguliwa aliwaambia wakakae chini ya ukuta wa skuli, penye kivuli. Walikuwa wanakwenda wanaruka, wanapigana vibao vya mgongo, na kila anayefika wale waliokaa wanasogea kumpa nafasi. Rukia alikwenda. Mimi niliambiwa, "Ahsante mwanangu, jaribu tena mwakani," nikasimama juani na wale wengine. Nataka kusema sikulia, lakini nililia, nikajifanya nafuta vumbi.

Mwalimu akatuomba sisi tulioachwa tukusanye mipira iliyotapakaa kabla hatujaondoka. Sijui kwa nini, mie nikaenda mbali kuliko wote, nyuma ya goli la mwisho, kwenye majani marefu, nikitaka kukaa huko mpaka waishe kwenda zao. Nikauona mpira mmoja. Gunia lilikuwa kule mbali, karibu na ukuta, mdomo wazi, na mwalimu amelipa mgongo, anasema na watoto wake wa kivulini. Nikatazama kulia na kushoto. Hapana mtu. Ulikuwa mpira mzuri wa kweli, mgumu, na nyuzi nyekundu za kushonea zinazokaa vidoleni zenyewe. Nikavua glavu, nikaurusha kwa mkono wangu, kama nilivyokuwa nalirushia lile doa langu. Ulipita juu ya uwanja mzima ukaingia ndani ya gunia.

"Mwalimu!" Ilikuwa sauti ya Rukia, amesimama, ananionesha mie. "Mwalimu! Yule kule wa kushoto! Nimemuona, wa kushoto!"

Uwanja wote ukageuka. Mwalimu Gasper akageuka. "Nani? Wewe! Wewe mtoto, hebu njoo hapa!" Akaanza kuja mbio, na mtu mzima akikujia mbio hutakaa kumngoja. Nilitupa glavu chini nikakimbia. Nilisikia ananiita nyuma, "Simama! We, simama!" na kila akiita mie naongeza. Nilikata vichochoro vya Mpendae nisivyovijua, nikatokea barabarani, nikafika Michenzani nimevua viatu, pumzi imenikatika. Shangazi aliniuliza kuna nini. Nikasema hakuna. Akaniambia, "Kula."

Niliishi na hofu. Nilikuwa siendi nyuma ya ghorofa, wala sishuki upande ule. Rukia alijaribu kunisemesha kwenye ngazi, nikampita. Nilijua ataniumbua tena. Nikaanza hata kuulalia mkono wa kushoto ili ufe ganzi.

Siku chache baadaye, baada ya laasiri, nikasikia hodi. Nilikuwa chumbani, na nilipochungulia kwenye upenyo wa pazia nikaiona ile kofia ya jua mlangoni. Ni Mwalimu Gasper, na Rukia kando yake. Nikajua wamenifuata mpaka nyumbani. Nikakaa chini sakafuni nyuma ya pazia, nikaziba masikio kwa mikono miwili, na kila nikiachia kidogo napata neno, nalo linanitosha kufa. "Shikamoo mama." Nikaziba. "... anayetumia mkono wa kushoto ..." Nikaziba. "... nimekuja kumchukua ..." Nikaziba kwa nguvu mpaka nikasikia damu inavuma kichwani. Walisema kwa muda mrefu. Nilipoachia tena, alikuwa akisema shangazi, na sauti yake ilikuwa ngeni, nyembamba.

"Huyu wangu mie anatumia mkono wa kulia. Lakini usichukue maneno yangu, baba. Muulize mwenyewe." Kisha akaniita.

"Naam," nikasema.

"Mletee mgeni maji."

Nikaamka. Nikatia maji kwenye gilasi, nikatoka nayo, nikamsogezea mwalimu kwa mkono wa kulia, na wa kushoto nikaushikia kiwiko, kwa adabu zote nilizofunzwa. Mwalimu akaipokea. Akanitazama usoni. Alinijua, nina hakika alinijua. Rukia alikuwa amenitolea macho anatabasamu, nami nikaliona tabasamu lile ni la kejeli.

Mwalimu akachutama, tukawa sawa kwa urefu. "Ni wewe uliyerusha ule mpira?"

Nikamtazama shangazi. Ameshika kofia aliyokuwa akishona, na sindano imesimama. Hajawahi kunitazama vile, macho yote kwangu, hata kope hazipepesi. Nikafahamu, au nilidhani nimefahamu. Shangazi ananificha. Bi Salma, anayeogopa Mungu, amesimama mbele ya mwanamme mgeni ananitetea, na anachokingoja ni mimi nisimwangushe.

"Si mimi," nikasema.

Tabasamu la Rukia likafutika. Mwalimu akanywa maji yote, akamrudishia shangazi gilasi, akasema, "Haya mama, samahani kwa usumbufu." Nikasikia viatu vyake vinashuka ngazi, pole pole, mpaka chini.

Shangazi alifunga mlango akauegemea. Halafu akaja, akanishika kichwa akakikandamiza tumboni kwake. Jioni ile alinisuka. Hakuwahi kunisuka, alikuwa akinipeleka kwa jirani. Nilikaa baina ya magoti yake, akinivuta nywele hajui anavyofanya, inauma, na ninawaambia kweli, katika utoto wangu wote sikuwa na furaha kama ile. Nilisema, kumbe yupo mtu. Kumbe mtu akinijia juu, yupo wa kusimama mlangoni.

Kilichofuata ni Jumamosi. Kila Jumamosi gari lilikuwa linakuja kuwachukua watoto wa timu, na kwa kuwa wengi walitoka maghorofani kwetu, uwanja wa chini unabaki mtupu. Zamani walikuwepo wakinicheka, sasa hata wa kunicheka hawapo. Nilikuwa nakaa dirishani na shangazi, yeye anashona, mimi namtungia uzi kwenye sindano, mpaka warudi na fulana zao za buluu zimejaa vumbi jekundu, wanatajana kwa majina ya mchezoni. Rukia akawa hanitazami tena. Mara moja nilipanda ngazi nyuma yake, nikasikia akimwambia mwenzake, "Muache, huyo anaringa." Sikufahamu mtu anaringia nini. Sikuwahi tena kurusha kitu kwa mkono wa kushoto, hata jiwe la kumfukuzia paka.

Miaka ikenda. Nikasoma, nikaolewa, nikahamia Mbweni. Rukia tulikutana ukubwani arusini kwa jamaa, tumekaa pamoja tunangoja biriani, na watu wazima wakingoja biriani husema yote.

"Shoga," akaniambia, "hebu niambie leo. Tulikukosea nini?"

"Mimi? Nani kanikosea?"

"Mwalimu alikutafuta siku ngapi! Watu wa kulia alikuwa nao tele. Alikuwa anatafuta wa kushoto wa kurusha, kwa sababu wapigaji hawajauzoea mpira unaotoka upande ule. Uliporusha ule mpira wako nilipiga kelele kwa furaha, ukakimbia. Mie ndiye niliyempeleka kwenu. Nilishakuwekea nafasi kwenye gari, karibu yangu. Ukatoka na gilasi yako ya maji ukasema si wewe." Akanipiga paja, anacheka, lakini macho yake hayakucheka. "Nililia, yakhe. Nikasema basi, huyu hatutaki."

Biriani ilipokuja sikuila. Nilikuwa nahesabu zile Jumamosi.

Shangazi alikuwa keshakuwa mgonjwa wakati huo, amelala Michenzani mle mle, na nilikuwa nakwenda kumlisha. Siku iliyofuata nilikwenda nimejaa maneno. Njia nzima nilikuwa nayapanga. Nitamwambia ulijua. Ulisikia yote, ulijua alikuja kwa kheri, na ukaninyima, kwa kuogopa watu watasema nini juu ya mkono. Nilikuwa na hasira, hata nilipotia uji kwenye bakuli niliumwaga kidogo.

"Shangazi," nikasema, "unamkumbuka yule mwalimu wa mpira aliyekuja zamani?"

Akafungua macho. "Wa kofia?"

"Alitaka nini?"

"Alikuja kukuchukua." Alisema pole pole, anapumzika baina ya maneno. "Alisema mna mpira wenu, na mkono wako ni wa bahati. Kila Jumamosi atakuchukua. Mtakwenda Dar, na Mungu akipenda na mbali zaidi."

"Na wewe ukamwambia mimi ni wa kulia." Sauti yangu ilikuwa imepanda, nikaona haya, lakini sikuishusha. "Kwa nini, shangazi? Kwa nini ukanifanyia vile?"

Hakukasirika. Alitabasamu, tabasamu ambalo nilikuwa silijui, la mtu anayetoa kitu chake cha thamani kabatini.

"Nilitaka kumwambia hayupo, nikaogopa Mungu. Nikasema, basi nimwite mwenyewe. Yuko nyuma ya pazia, kasikia yote, safari, mpira, wenzake. Akisema ndiye, nitamfungia nguo zake aende, kwani nani nimepata kumzuia mimi akazuilika? Baba'ako alikwenda. Yule bwana alikwenda." Akajiegemeza kwenye mto. "Ukatoka na maji yako. Ukanitazama mie. Mtoto mdogo vile, umewekewa dunia nzima mlangoni, ukanitazama, ukasema si mimi. Mwanangu, hapana mtu aliyewahi kunichagua mie. Hapana. Ila wewe, siku ile."

Nilikuwa nimeshika kijiko. Maneno yote niliyoyapanga yalikuwepo pale pale mdomoni, yamejipanga, nami nalia, machozi yanaingia kwenye uji. Akanyanyua mkono akanigusa paji la uso.

"Unalia nini? Ulijuta?"

"Aka, shangazi," nikamwambia. "Nilisikia yote. Nilitaka kubaki na wewe."

Akacheka kidogo, kwa raha, akafungua mdomo, nikamlisha.